Njaa ya Mimea ya Hodhini: Jibu kwa Waiogopao Mbolea

Imekuwa kama itikadi katika mji wa Bariadi, miongoni mwa wale wachache wenye mapenzi makubwa ambao wameweka mahodhi ya kioo sebuleni mwao, wakafuga ndani yake samaki wa mapambo na kuotesha mimea ya majini, kwamba mbolea ni mali ya shamba na maji ni maskani ya samaki, na kwamba mtu aingizaye hiyo katika haya amejitafutia msiba kwa mkono wake mwenyewe. Husemwa kwamba mbolea huzaa mwani. Husemwa kwamba kinyesi cha samaki chatosha kuilisha mimea. Na husemwa, kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia, kwamba fulani alitia mbolea hodhini na baada ya siku mbili tatu akaamka akakuta samaki wake wote wanaelea matumbo juu. Maneno haya yamerudiwa mara nyingi hata yamepata heshima ya ukweli, na anayeanza kufuga leo huyapokea pamoja na samaki wake wa kwanza. Mimi nayapinga. Nasema kwamba mwani unaoogopwa huzaliwa na njaa ya mimea kuliko unavyozaliwa na shibe yake, kwamba samaki peke yao hawawezi kuilisha bustani ya majini, na kwamba samaki waliokufa waliuawa na kitu kimoja mahususi ambacho hakikupaswa kamwe kuingia hodhini, wala hakiko katika kila kitu kiitwacho mbolea.

Insafu yanilazimu nianze na hoja yao iliyo na nguvu kuliko zote, nayo ni Ziwa. Mkoa wetu wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unaligusa Ziwa Victoria kwa upande wa Busega, na mtu aliyesimama ufukweni Lamadi wakati upepo umetulia anajua jinsi maji yale yanavyoweza kugeuka kijani kizito. Mto Simiyu, pamoja na Duma uuingiao, huteremka kutoka nyanda za Serengeti, ukapita katika nchi ya pamba na ng'ombe, na kumwaga katika Ghuba ya Speke udongo mwingi pamoja na fosforasi iliyoshikamana nao; na tangu miaka ya 1960 mwani umezidi ziwani na uangavu wa maji umepungua. Hasara yake haikuishia katika sura ya maji. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakipoteza uangavu, majike wa furu hushindwa kuzitambua rangi za madume wao, na aina zilizoishi mbalimbali kwa kuchaguana rangi huanza kuchanganyika na kupotea. Nasi tulio na furu katika mahodhi yetu, tukiyatazama madume yanavyowaka rangi ya buluu na nyekundu, tuna haki ya kuhuzunika kuliko wengine. Na kama wapinzani wangu wanataka shahidi wa mbali zaidi, yuko David Schindler wa Kanada, ambaye mwaka 1973 aliligawa kwa pazia la plastiki ziwa moja dogo la Ontario, lile lijulikanalo kwa namba 226, akatia kaboni na nitrojeni pande zote mbili na fosforasi upande mmoja tu. Upande ule wa fosforasi ukageuka kijani, na picha yake iliyopigwa kutoka angani ikawa miongoni mwa picha mashuhuri kabisa katika ilimu ya maziwa. Sikani hata moja katika haya.

Walakini shahidi hana budi kuulizwa aliona nini na aliona wapi. Alichokiona Schindler ni maji ya wazi, ambamo kiumbe cha kijani kilichotawala kilikuwa mwani wenyewe ueleao, usio na mshindani wa kuupokonya tonge. Katikati ya Ziwa Victoria, kadhalika, hakuna kina ambacho mmea waweza kushika mizizi ukapata nuru, na kandokando yake, mahali ambapo mafunjo yalisimama kuchuja maji ya mito kabla hayajafika ziwani, pengi watu wamekata, wamechoma na kulima. Wanazuoni wa maziwa ya kina kifupi, na Marten Scheffer wa Uholanzi ni mashuhuri kati yao, wamethibitisha jambo ambalo wapinzani wangu hawalitaji: kwamba, katika mpaka fulani, maji yenye kiasi kile kile cha chakula yaweza kuwa angavu yakiwa yamejaa mimea, na yaweza kuwa machafu ya kijani mimea ikiondoka, kwa kuwa mimea hula kile ambacho mwani ungekula, hutia kivuli, hutuliza tope, na huwahifadhi wadudu wadogo wa majini walao mwani. Sasa, hodhi lililopandwa kutoka pembe hadi pembe lafaa kuhesabiwa katika kundi lipi kati ya haya mawili? Kulihukumu kwa ushahidi wa maji yasiyo na mimea ni kumfunga Juma kwa kosa la Hamisi.

Wengine hawafiki hata Busega. Hukuonyesha lambo la ng'ombe lililo nyuma ya kijiji, wakasema: tazama, samadi imeingia majini na haya ndiyo matokeo. Lambo tunalijua sote. Ng'ombe huingia hadi maji yawafike tumboni, hukanyaga na kung'oa kila kitakacho kuota, huuvuruga udongo wa mbuga, ule mweusi upasukao kiangazi na kunata masika, hata nuru isipenye shibiri moja, kisha hukojoa humo humo. Mkojo hugeuka amonia. Jua la kutwa hupiga juu. Na mwani, usiohitaji mizizi wala kina, hubaki peke yake mezani. Lakini nenda upande ule wa lambo ambao ng'ombe hawaufikii, penye mawe au miiba, uone yungiyungi zilivyotanda na maji yaliyo chini ya majani yake yalivyotulia. Samadi ni ile ile na mvua ni ile ile; kilichotofautiana ni kuwapo kwa mimea.

Sasa tuingie ndani ya kioo, ambako hasa ndiko penye ugomvi. Chukua Vallisneria, mmea wa majani marefu membamba uotao katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, nao ni miongoni mwa mimea ya hodhini iliyo rahisi kupatikana. Ikikosa potasiamu, tazama jani lake kuukuu, lile la nje karibu na changarawe: utaona vitobo vidogo mno, kana kwamba vimetobolewa kwa sindano, kila kimoja kimezungukwa na duara la njano, vitobo hupanuka, duara hugeuka kahawia, na katika siku chache ukingo wa kitobo huota nywele za mwani, fupi, nyeusi-kijani, ambazo hukuziona mahali pengine popote hodhini. Ikikosa nitrojeni, jani lile lile kuukuu huwa njano lote kuanzia ncha. Ikikosa chuma, ugonjwa hugeuza upande: jani kuukuu hubaki kijani na jani changa hutoka limepauka, karibu kuwa jeupe, mishipa yake tu ikionekana. Sababu ya tofauti hii yajulikana. Nitrojeni na potasiamu huhamishika ndani ya mmea, basi mmea wenye dhiki huyapokonya majani ya zamani ili kuyalisha machanga. Chuma hakihamishiki, basi kikikosekana mchanga ndiye aumiaye. Na jani lililopokonywa hufa, na likifa huvuja sukari na amonia ndani ya maji, na hapo ndipo mwani hupata makazi na karamu kwa pamoja. Mwenye hodhi huona mwani juu ya jani, akatoa hukumu kwamba chakula kimezidi, akazuia hata kile kidogo kilichokuwapo. Na mmea uliokuwa unalia njaa ukafa kwa njaa, na mwani ukaongezeka, naye akapata ushahidi mpya wa itikadi yake ya zamani.

Kanuni iliyo nyuma ya haya ina umri wa karibu miaka 200. Carl Sprengel aliieleza katika miaka ya 1820, na Justus von Liebig baada yake akaipa sifa: kwamba ukuaji hupimwa kwa kile kilichopungua kuliko vyote, na wingi wa vingine hauwezi kuziba nakisi hiyo. Wafugaji wetu wa Meatu hawakuhitaji kuambiwa na Mjerumani, maana wamemwona ng'ombe aliye katikati ya malisho ya kutosha akikonda na kutafuna mifupa mikavu, kwa kuwa fosforasi aitafutayo haimo ya kutosha katika majani yale. Mimea ya hodhini yenye nuru, maji safi na nitrojeni ya samaki, lakini pasipo potasiamu wala chuma, iko katika hali ya ng'ombe huyo, nasi tunasimama nje ya kioo tukisema ina kila kitu.

Hapo ndipo inapoanguka hoja ya pili, kwamba samaki wanatosha. Chakula cha samaki, nacho ndicho chanzo cha kinyesi chao, kina nitrojeni na fosforasi kwa wingi wa kuridhisha. Potasiamu yake ni haba ukilinganisha na haja ya mimea, na chuma chake hushikwa haraka katika mashapo, hasa katika maji magumu yenye chumvichumvi yatokayo katika visima vingi vya mkoa wetu. Huletwa hapa jina la Diana Walstad, mwanamke wa Kimarekani ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1999 alieleza namna ya kukuza mimea kwa chakula cha samaki pasipo mbolea za chupa. Wanaomleta hushuhudia kwa nusu ya maneno yake. Walstad huweka udongo wa bustani chini ya changarawe, na udongo ni ghala ya chuma, potasiamu na mengine mengi ambayo mizizi huchota kwa miezi na miaka. Mtu mwenye mchanga mweupe uliooshwa mara saba, aliye na gapi watano na mimea ishirini, hana haki ya kujificha nyuma ya mwanamke yule.

Fauka ya hayo, kila bustani ya majini hukatwa. Mimea ikistawi mwenyewe huipunguza, na vipande huvitupa. Na ndani ya kila gramu 100 za mmea uliokaushwa mna nitrojeni yapata gramu 2 hadi 4, na potasiamu ya kadiri hiyo hiyo, vilivyotoka majini visirudi tena. Huku ni kuvuna, na kuvuna pasipo kurudisha mkoa huu wakujua. Tumeandaa Nane Nane ya kitaifa mara tatu mfululizo, mwaka 2018, 2019 na 2020, katika viwanja vya Nyakabindi hapa hapa Bariadi, na bado kuna wakulima wazima wenye akili timamu wasemao kuwa mbolea ya dukani huichosha ardhi, ilhali pamba imetolewa katika mashamba yale yale mwaka baada ya mwaka, marobota kwa marobota, na hakuna kilichorudishwa isipokuwa samadi kidogo kwa aliye na ng'ombe karibu. Udongo wa luseni, ule wa mchanga wa juu ya miinuko, haukuchoshwa na mbolea. Ulichoshwa na kutoa bila kupewa. Naamini kwa dhati kwamba itikadi ya hodhini ni mtoto wa itikadi hii ya shambani, na ndiyo maana imepata wafuasi hapa kwa urahisi hivi.

Nije sasa kwa samaki waliokufa, maana hapa sitaki mtu adhani ninawabeza waliopata hasara. Walikufa kweli. Tukiuliza walitiliwa nini, jibu aghalabu ni moja: yuria, au CAN, au DAP, kiasi cha kijiko kutoka katika mfuko wa duka la pembejeo. Mbolea hizi ni njema kwa mahindi na ni mauti kwa samaki, na sababu yake ni amonia. DAP na CAN huileta moja kwa moja; yuria huileta kwa kuchelewa, bakteria wakiisha kuivunja, na ndiyo maana kifo hakiji saa ile ile bali siku ya pili au ya tatu, mtu akiwa ameshajipongeza. Amonia ina hali mbili majini, moja ya upole na moja ya sumu, na mizani baina yake huamuliwa na pH: katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi yenye pH 7, sehemu ya sumu haifiki asilimia moja, ikipanda hadi pH 8 hufika asilimia 5, na ikifika pH 9 huwa zaidi ya theluthi. Mwenye maji ya alkali kwa hiyo huua samaki kwa kijiko ambacho mwenzake mwenye maji laini angeponea. Amonia hiyo hiyo, kabla haijaua samaki, huamsha mwani kwa nguvu kuliko nitrati ifanyavyo. Basi tuhuma zote mbili, za mauti na za mwani, zina mshtakiwa halisi, na jina lake si mbolea kwa ujumla.

Wala mbolea si kitu kigeni kwa maji kwa asili yake. Fosfati ya Minjingu, mkoani Manyara, ambayo wakulima wetu hununua katika mifuko, ni mabaki ya kinyesi na mifupa ya ndege walao samaki waliokaa kando ya ziwa la kale. Imetoka majini ikapita tumboni mwa ndege ikawa mwamba. Siusii unga wake utiwe hodhini, kwani haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Nautaja ili tusizungumze kana kwamba fosforasi ilibuniwa kiwandani.

Hofu ya fosfati hasa ilipata sura ya kitaalamu katika miaka ya 1990, pale Paul Sears na Kevin Conlin walipoandika kwamba fosfati ikinyimwa, mimea huushinda mwani. Baada yao Tom Barr wa California alitia fosfati kwa makusudi katika mahodhi yaliyojaa mimea yenye afya, mwani usiote, na hoja ikapoteza msingi wake. Lakini kuna jambo ambalo waenezao jina la Sears na Conlin hapa kwetu hawajalisoma: mabwana wale wawili walikuwa wakilisha mimea yao nitrati, potasiamu, magnesi na chuma. Walinyima kitu kimoja tu. Sisi tumenyima vyote kwa fatwa isiyo yao.

Kadiri ifaayo si siri, na hesabu yake ni nyepesi. Nitrati ya potasiamu, wanayotumia wakulima wa umwagiliaji wa matone, haina amonia. Gramu moja yake katika lita 100 za maji huleta nitrati yapata miligramu 6 kwa lita, pamoja na potasiamu yapata miligramu 4. Gramu mbili kwa juma, basi, ni nitrati 12. Mwenye hofu ya kurundikana na abadilishe nusu ya maji kila juma: hata kama mimea haikula chochote, juma la pili atakuwa na 18, la tatu 21, la nne 22 na nusu, wala hatapita 24 hata akiendelea milele. Shirika la Afya Duniani huruhusu nitrati miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa ya binadamu. Robo ya gramu ya fosfati ya potasiamu, katika hodhi hilo hilo kwa juma, huleta fosfati isiyofika miligramu 2 kwa lita. Chuma kiwe kile kilichofungwa kwa namna ya kutogandishwa na maji magumu, kwa sehemu ya kumi ya miligramu kwa lita au zaidi kidogo. Atakayepima kwa mizani ndogo ya sonara hatakosea. Apimaye kwa kiganja ataharibu, kama angeharibu dawa yoyote.

Kitu ambacho kweli huzaa mwani, na ambacho hakuna anayekihubiri, ni nuru. Hodhi lililowekwa dirishani upande wa magharibi, taa ikiongezwa hadi saa nne za usiku, halina mbolea ya kulilaumu. Saa 6 hadi 8 za taa zatosha. Nuru ndiyo iamuayo mmea utakula kwa kasi gani, na hewa ya ukaa, ipenyayo majini polepole mara elfu kumi kuliko hewani, ndiyo imalizikayo kwanza; Vallisneria na Ceratophyllum zina bahati ya kuweza kuchota kaboni katika bikaboneti ya maji magumu, na kwa sababu hiyo nazisifu kwa kila aliye na kisima.

Imebaki hoja ya mtu mwenye huruma na Ziwa, aulizaye maji haya yenye mbolea yatakwenda wapi yakibadilishwa. Lita 50 zitolewazo kwa juma, kwa kadiri nilizozitaja, hazibebi hata moja ya tano ya gramu ya fosfati, na mahali pake ni bustani ya mchicha au shina la mchungwa, wala si mtaro uelekeao mtoni. Nimwogopeshe kwa kitu kingine kilicho kikubwa zaidi, nacho ni mimea yenyewe. Magugu maji yaliletwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini kwa uzuri wa maua yake, yakaingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na ikabidi wadudu wa Neochetina waagizwe katika miaka ya 1990 kuyatafuna. Kwa hiyo vipande tukatavyo visitupwe mtaroni wala lamboni. Vianikwe juani hadi vikauke kabisa, kisha vifukiwe, kwa maana Ceratophyllum, isiyo na mizizi, huanza mmea mpya kutoka katika kipande cha urefu wa kidole.